Kifo cha Ngabu Nilichokibeba Kutoka Aba

Ndugu zangu wa Butembo, nasikia mashofere wamewaambia kwamba Kasereka, fundi wa makaburi, amerukwa na akili huko Bunia. Eti alionekana Aru akila pamoja na mbuzi, na Mahagi akinyeshewa na mvua mbele ya mlango uliokuwa wazi. Yote mawili ni kweli. Ila akili zangu ziko mahali pake, na kwa kuwa kila anayetoka kwenu ananiuliza habari hiyo hiyo, nimeona niandike mara moja, msome wote, kisha mniache nifanye kazi.

Ya kutafuta karatasi za njia na nafasi katika magari siwaelezi. Mnayajua, na kuyaandika kungenipandisha hasira upya.

Bunia: ukuta wenye tundu

Mwaka jana watu wa kijiji kimoja ng'ambo ya mto Shari waliniita niwajengee ukumbusho wa vijana wao waliochukuliwa na Bulamatari, serikali ile ya Wabelgiji, kwenda vita ya Abisinia. Walichukuliwa kumi na mmoja, wakarudi wanne. Hao wanne ndio walioanza maneno ya ukumbusho, tangu miaka ya sabini, kila baada ya ibada ya mavuno, na kila mwaka maneno yaliishia pale pale penye chakula. Watatu wakafa wakisema. Wa nne aliposhikwa na kifua, watoto wao waliona haya, wakaunda komite.

Mimi nilichora askari. Nani asingechora askari? Bunduki begani, kofia ndefu nyekundu, macho mbele. Nikatengeneza mfano wa udongo, urefu wa mkono, nikawapelekea. Sijui udongo ulishuka njiani au vipi, tumbo lilikuwa limetokeza mbele. Komite waliuzunguka, kisha mama mmoja akauliza, "Fundi, huyu askari atazaa lini?" Wakacheka hata mwenyekiti, mwalimu mstaafu asiyecheka, akavua miwani. Nilikaa siku mbili bila kurudi kwao.

Lakini mama yule yule ndiye aliyenipa mchoro wa kweli. Alisema, "Siye hatukubaona na bunduki. Tulibaona banatoka jikoni, asubuhi, bameisha kunywa uji." Basi tukakubaliana hivi: kila nyumba aliyotoka mtu asiyerudi itang'oa figa moja kati ya yale matatu ya jikoni, iniletee. Mimi nitayapanga katika ukuta mfupi, uliopinda kidogo, wa kimo cha mtu aliyekaa. Masizi nisiyaoshe. Chini ya kila figa nitapaka saruji laini, na kabla haijakauka nitaandika kwa msumari mstari mmoja wa jina na mstari mmoja wa mahali alipofia. Nyumba ibaki na mafiga mawili mpaka siku ya uzinduzi, iombe moto kwa jirani, ionje kidogo maana ya kupungukiwa. Nakiri kwamba katika kazi zangu zote hakuna niliyoipenda kama hiyo, na wazo halikuwa langu.

Waliokufa ni saba. Mafiga yaliyokuja ni sita.

La saba lilikuwa la Ngabu, na mkewe, Mama Lotsove, alikataa kulitoa. Kwao kifo ni lazima kiletwe. Aliyemwona mtu akifa, au aliyetumwa na aliyemwona, huja kusimama mlangoni na kukisema kwa mwenye nyumba. Kabla ya hapo hakuna kilio wala kunyoa, na mke si mjane. Wale sita waliletwa na wenzao waliorudi. Ngabu alikuwa amehamishiwa kikosi kingine, na hakuna aliyerudi naye. Wengine kijijini walinong'ona kwamba alichukua mwanamke Sudani akabaki huko. Miaka arobaini mama huyo amekaa hivyo, hana mume na hana msiba. Mwenyekiti alipomwendea kuomba figa, alimjibu, "Nani aliniambia amekufa? Weye? Ulimuona?"

Kisha mchuuzi mmoja aliyetoka soko la Ariwara akaleta habari kwamba kuna mzee Aba, mpakani na Sudani, ambaye kila akisikia mtu ametoka Bunia humuuliza nyumba ya Ngabu iko wapi. Mwenyekiti akatoa majuma matano, mpaka Jumapili ya uzinduzi. Baada ya hapo tundu la saba lizibwe kwa saruji tupu, na mnajua watu wangesoma nini katika saruji tupu.

Kwa nini mimi? Muzee Njango, mdogo wake Ngabu, alinieleza akinishika kifundo cha mkono.

"Damu yake haiwezi kwenda kuchukua kifo yake. Ingekuwa vile, miye ningeisha kwenda. Inaomba mutu wa inje. Na weye uko Munande, hauko hata shemeji."

"Na mimi niko na kazi."

"Kazi yako iko na tundu," akasema.

Hapo alinipata. Akaniwekea masharti mawili ya kurudi. La kwanza, kama ni kifo, nisikiseme kwa mtu yeyote kabla ya mwenyewe, yaani mkewe. La pili, nisiingie katika nyumba ya mtu yeyote njiani, kwa sababu kifo hukaa pale kinapoingia kwanza. Nilicheka. Mimi ni Mkristo, mashemasi wa kwetu wananijua. Nikaenda kumuaga Mama Lotsove nikikusudia kumwambia kwamba ya nyumba sitayafuata. Nilimkuta amekaa juani, miguu imemvimba, haendi tena shambani. Hakunipa ujumbe wowote wa mumewe. Alisema tu, "Fundi, miye sitaki kufa mbele ya kujua kama niko mujane." Sikusema nilichokusudia.

Bunia mpaka Djugu

Shofere alikuwa mtu mmoja aliyeitwa Polepole kwa sababu hajui neno hilo. Tulipanda milima kwa kasi ya kuogofya, juu ya masanduku ya sabuni, na karibu na Djugu springi ikavunjika. Polepole akashuka, akatazama chini ya lori, akatangaza kwamba tutatengeneza kwa saa moja. Tulikaa siku mbili.

Kule juu ni baridi, ukungu unakaa barabarani mpaka saa nne. Watu walitupokea vizuri. Tulikula viazi vya kuchemsha na maziwa mazito, na mwenye nyumba aliniuliza ninafanya kazi gani. Nikamwambia ninajenga makaburi. Nikamwambia pia kwamba ninakwenda mbali kwa ajili ya marehemu. Nadhani aliunganisha hayo mawili kwa namna yake, kwa maana asubuhi yake alinijia na kamba yenye mafundo mawili.

"Ni kipimo ya mama mukwe wangu," akasema.

Nikampa pole nyingi, nikamuuliza amefariki lini. Akanionyesha kwa kidevu. Mama mkwe alikuwa amekaa penye jua anamenya viazi. Nikajaribu kueleza kwamba siko katika safari ya kuuza makaburi. Hakuna aliyenisikiliza. Bibi kizee mwenyewe aliniita, akataka kujua kama ninaweza kumwekea ngazi mbili mbele, kama za kanisa.

"Ngazi ya nini, mama?"

"Batoto bakikuja kunisalimia bakae wapi?"

Nilimchorea mchangani, na ngazi zake. Akasahihisha, akataka zipanuliwe kwa sababu ana wajukuu wengi. Tulikuwa bado tunapanua Polepole alipopiga honi, na nilipanda sabuni zangu nikiwa na furaha ambayo sikuitegemea. Nawaambia, wateja wangu wote wangekuwa hai kama yule, kazi yangu ingekuwa tamu.

Mahagi, Aru, na vumbi

Mahagi niliachana na Polepole. Nililala kwa mchungaji mmoja mwema, nikala samaki mkavu wa ziwani wa kupikwa na karanga, nikaahidi kupita tena kwake nikirudi. Kumbukeni ahadi hiyo, iliniponza.

Kutoka Mahagi kwenda Aru nilingoja gari siku tatu. Siku ya nne nilipata nafasi nyuma ya pikapu iliyojaa ndoo na kuku. Kadiri unavyokwenda kaskazini, milima inashuka, nyasi zinakuwa ndefu, na joto linakushika shingoni. Njiani tulipita watu wengi waliokimbia vita vya Uganda, wamekaa pembeni mwa barabara na mikeka na masufuria yao. Mnajua sisi watu wa mikoa hii tunavyosema wakimbizi wanaharibu bei ya sokoni. Nami nilikuwa ninasema. Siku ile nilinyamaza, kwa sababu mama mmoja kati yao alitupatia kumbikumbi wa kukaanga, tule wote, na hakuuliza sisi ni nani.

Kutoka Aru mpaka Aba nilikwenda kwa baiskeli za watu, kwa trekta la kahawa, na mwisho kwa miguu yangu. Sina la kusema juu ya miguu yangu.

Aba

Mzee niliyekuwa ninamtafuta anaitwa Lado. Sikuhitaji kuuliza mara mbili. Nilimkuta nyuma ya nyumba yake anachambua simsimu, ufuta wa kule, katika ungo, mtu mwembamba mwenye mgongo ulionyooka. Nikavua kofia, nikasema, "Muzee, shikamoo. Nimetoka Bunia, juu ya nyumba ya Ngabu."

Ungo ukaanguka. Alisimama, akanitazama kuanzia juu mpaka viatu, kisha akaanza kunikaripia. Mimi nilikuwa nimetembea tangu alfajiri, ninatazamia maji ya kunywa, na mzee ananikaripia!

"Sasa njo munakuja! Miaka yote hii! Nilituma maneno kwa bashofere, kwa bapadri, kwa bachuuzi ya ngombe. Kila moya anasema, ndiyo muzee, nitafikisha. Munajifanya hamunijui. Baba yenu iko hapa, anawangojea, na hakuna hata mutoto moya wa kuja kumusalimia!"

Nilisikia "iko hapa", na kwa dakika moja niliamini kwamba Ngabu ni mzima, amekaa katika moja ya nyumba zile na mwanamke wa Sudani. Nikafikiri juu ya Mama Lotsove na miguu yake. Nilitamani kugeuka palepale.

Kumbe alikuwa anasema kaburi. Alinivuta mkono mpaka mwisho wa shamba, akanisimamisha mbele ya makaburi mawili yaliyokaa bega kwa bega, yamelimwa, hakuna hata jani. "Huyu ni mama yangu," akasema. "Na huyu ni baba yako." Kisha mzee yule mkali alinikumbatia akalia, na mimi, badala ya kumwambia kwamba mimi si mtoto wa Ngabu, nilimwacha alie. Nawaambia hivi kwa sababu nimekaa kuandika ukweli. Nilimwacha alie, nikakubali maji, nikakubali kuku. Nilipofikia kulamba vidole ndipo nilipopata ujasiri wa kusema kwamba mimi ni fundi tu, Mnande wa Butembo, niliyetumwa kwa sababu ya tundu katika ukuta.

Lado akatazama sahani yangu. "Kuku umekula," akasema. Kisha akacheka, nikacheka, na mkewe akaleta bugali ya pili.

Nikamweleza desturi ya watu wa Ngabu. Alielewa upesi kuliko nilivyoelewa mimi. Kwenda mwenyewe hakuweza, kiuno kilikuwa kimekwisha. Basi kesho yake, tangu asubuhi mpaka jua la saa sita, alinikalisha karibu na kaburi akanipa kifo cha Ngabu neno kwa neno. Kila nilipokosea alinirudisha mwanzo. Mkewe alikuwa shahidi. Sijawahi kufundishwa hivyo hata shuleni. Siandiki hapa aliyoniambia, mtayasikia pale yalipopaswa kusikika kwanza.

Wakati wa kuondoka nilitaka kuingia ndani kuchukua mfuko wangu, Lado akanizuia kizingitini. "Hapana. Sasa umebeba," akasema, na mkewe akanitolea mfuko nje.

Kurudi: juu ya magunia

Nilikuwa nimejiambia kwamba sharti la nyumba nitalitupa mara tu nitakapofika barabara kubwa. Nani angejua? Lakini mtu akishakufundisha kifo asubuhi nzima, unakisikia kifuani, na unaogopa kukiangusha katika nyumba ya watu. Niiteni mjinga. Sikuingia mahali.

Mwajua ugumu wake? Watu wa njia ile ni wakarimu. Kila jioni mtu ananishika mkono, karibu ndani, na mimi nasema hapana, aksanti, nitakaa hapa. "Juu ya nini hautaki?" Siwezi kusema. "Uko mugonjwa?" Hapana. "Nyumba yetu inanuka?" Aru mama mmoja alinipikia sombe ya majani ya muhogo na nyama, akaniandalia mezani, na kitambaa kimeshonwa maua. Nikaomba nile uani. Alibeba sahani kwa hasira akaiweka chini, na mbuzi wake wawili wakaja. Huo ndio ukweli wa mbuzi. Nilikula nikiwasukuma kwa kiwiko.

Waliokuwa hawaulizi ni wale wakimbizi tu. Nilikaa nao kandokando ya njia siku mbili nikingoja gari. Mama aliyetupatia kumbikumbi alinisogezea mkeka, akasema kwa Kiswahili chake cha Uganda, "Sisi pia tunakula nje." Nilimpenda sana kwa neno hilo.

Mahagi, mchungaji wangu alikuwa amenitayarishia chumba na ndoo ya maji moto. Mvua ilikuwa inanyesha kama kawaida ya Mahagi, bila haya. Nilisimama uani. Yeye alisimama mlangoni.

"Kaka Kasereka, ingia."

"Siwezi, mchungaji."

"Tumekukosea?"

"Hapana kabisa."

Akajaribu maombi. Alisoma mlango mzima wa Injili akiwa kizingitini, mimi nikiitikia amina huku maji yananitoka viatuni. Mwishowe alikuja na mwavuli, akasimama nami mvuani mpaka ikakatika. Hakuuliza tena. Huyo ni mchungaji.

Asubuhi nikampata Polepole, anarudi Bunia na magunia ya kahawa. Akanifungulia kabini, kwa kuwa tulikuwa tumezoeana. Nikakaa na mguu mmoja juu ya ngazi, nikifikiri.

"Polepole, kabini ni nyumba?"

Hakucheka. Alilitazama lori lake kwa heshima. "Iko na mulango mbili. Iko na paa. Iko na picha ya bibi yangu. Na miye nalala ndani kuliko kwangu. Sasa si nyumba ni nini?"

Nikapanda juu ya magunia.

Bariyeri

Kwenye kizuizi kimoja, siwaambii ni kipi, askari kijana alisoma karatasi yangu ya njia, akapekua mfuko wangu, hakuona kitu cha maana. Hilo lilimuudhi.

"Sitwayen," akaniita, yaani raia, "unatoka Aba kule mupakani. Ulikwenda kufanya nini?"

"Kuchukua habari."

Mkikutana na askari wa bariyeri, ndugu zangu, msiseme mmetoka mpakani kuchukua habari. Macho yake yaling'aa.

"Habari ya nani?"

"Ya mutu."

"Inasema nini?"

"Siwezi kusema mbele ya kumuambia mwenyewe."

Polepole kule kabini alijipiga paji la uso. Askari akaamuru niingie ofisini nikaandikwe maneno yangu. Nikasema nitaandikwa nje. Akasema ofisi ndiyo ya kuandikia. Nikasema sitaingia. Alinishika shati, nami nikashika nguzo ya mlango kwa mikono miwili, fundi mzima mwenye wajukuu, na wanawake wa sokoni wakaja kutazama. Niliogopa kweli. Watu wamepotea kwa maneno machache kuliko yale. Na zaidi ya kuogopa kufungwa niliogopa nitasema, kwa maana neno moja tu, "amekufa", lingenifungulia njia, na lilikuwa limekaa hapa kwenye ulimi. Siku za uzinduzi zilikuwa zimebaki tatu.

Ndipo akatoka ajida wao, mkubwa wa kizuizi, mtu mzima, ameshika kikombe cha chai. Akasikiliza kijana wake. Akaniuliza mambo mawili tu: tangu Aba nimelala wapi, na nimekula wapi.

"Inje," nikasema. "Pote inje."

Ajida akarudi nyuma hatua moja. Akaweka kikombe chini, akavua kofia. Akamwambia kijana, taratibu, kwa sauti ya mtu wa nyumbani, "Ulitaka kuingiza ile kitu mu ofisi yetu?" Kisha akainua mti wa bariyeri kwa mkono wake mwenyewe, na tulipopita bado alikuwa amesimama kichwa wazi juani.

Mlangoni

Tulifika Bunia Ijumaa, kabla ya adhuhuri. Sikupita kwangu. Watu wa kijiji walipoona ninapita bila kusalimu, walinifuata kwa mbali. Muzee Njango alitoka akasimama penye ua. Mama Lotsove alikuwa ndani, akatoka akishika ukuta, akakataa kiti. Akasimama ndani ya mlango na mimi nje.

Nikasema kama nilivyofundishwa. "Mama Lotsove, nimetumwa na Lado wa Aba, aliyeona. Ngabu mume wako amekufa. Hakubaki Sudani. Alimaliza vita, akapanda meli ya mto pamoja na Lado, akafika Juba akiwa na tumbo ya damu. Daktari alitaka abaki. Akakataa, akasema anakwenda kwake. Wakamuweka katika kamiyo. Walipofika mpakani aliomba shofere asimame, akashuka, akauliza, Hapa ni kwetu? Lado akamwambia, Ni kwetu. Akatembea ndani ya nchi kwa miguu yake, mpaka nyumba ya mama yake Lado. Aliishi siku tatu. Alikufa asubuhi. Lado alimuosha. Mukubwa mzungu alisema karatasi itakuja kwako. Karatasi haikukuja. Mimi nimekuja."

Uso wa mama haukubadilika hata kidogo, nikaogopa labda nimekosea neno.

"Nani alimulilia?" akauliza.

"Mama ya Lado. Alimulilia siku tatu, sawa mutoto wake. Akazikwa kwa shamba yao. Sasa huyo mama amelala pembeni yake."

Ndipo alipokaa chini, pale kizingitini, akalia. Wanawake wote waliokuwa wamejificha nyuma yangu walilipuka kwa kilio, na Muzee Njango, mdogo mtu wa miaka sabini, akajitupa chini uani. Walilia msiba wa miaka arobaini kana kwamba mwili ulikuwa ndani. Mimi nami nililia, na mimi sikumjua Ngabu. Siku ile ile walimnyoa mama kichwa. Mtu aliniletea bugali, akanisukuma ndani ya nyumba, nikala nimekaa kwenye kiti, nikatambua jinsi mgongo wangu ulivyokuwa unauma.

Jumamosi asubuhi Mama Lotsove aliniletea figa yeye mwenyewe, amelibeba juu ya kichwa kilichonyolewa, masizi yanamwagika begani, na hakukubali mtu amsaidie. Nililiweka katika tundu, nikapaka saruji chini yake, nikapiga magoti na msumari wangu. Mwenyekiti na komite walisimama nyuma. Niliandika NGABU. Kisha, kama kwa wale sita wengine, nikaanza mstari wa pili, ALIKUFA, na nilikuwa nimefika herufi ya tatu mama aliponigusa bega.

"Unaandika nini?"

Nikamsomea. "Alikufa Aba."

"Futa."

Nilitazama mwenyekiti. Mwenyekiti akaanza kueleza kwamba mistari yote ifanane, ndivyo komite ilivyoamua. Mama hakumgeukia. Alipiga magoti kando yangu kwa shida, akafuta zile herufi kwa kiganja chake, saruji ikamjaa vidoleni.

"Bale bengine balikufa kule balikwenda," akasema. "Miye bwana yangu alikuwa anarudi. Andika vile. Andika, alirudi mpaka Aba."

Niliandika. Saruji ilikuwa inaanza kushika, nikalazimika kukandamiza kwa nguvu, na herufi zake ndizo zilizochimbika kuliko zote katika ukuta ule.